Kurudisha Rangi ya Gari Jeusi la Kifahari Lililokwaruzika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyomo humu ni yale ambayo wenye magari hutuuliza karakanani, Dar es Salaam, karibu kila wiki, wengine wakiwa wameshika simu yenye picha ya mlango uliochanwa kwa funguo, wengine wakiwa wameshajaribu dawa ya meno. Tumejibu kwa kirefu pale ambapo jibu fupi lingempotosha mtu, na mifano tuliyotumia ni ya magari yanayotufikia zaidi, yaani Mercedes-Benz, BMW na Range Rover, pamoja na Toyota na Lexus za daraja la juu zinazoshushwa bandarini zikitokea Japani.

Kwa nini gari langu jeusi linaonyesha kila mkwaruzo, wakati la jirani yangu, ambalo ni jeupe, linaoshwa na vijana walewale na linaonekana safi?

La jirani yako nalo limekwaruzika, ila haliumbuki. Tabaka la juu lisilo na rangi, ambalo mafundi tunaliita klia, halina tofauti kubwa kati ya gari jeupe na jeusi. Kinachotofautiana ni mwanga. Rangi nyeupe hurudisha mwanga mwingi kila upande, kwa hiyo ule mwanga kidogo unaotawanywa na kingo za mkwaruzo humezwa humo na jicho halikamati kitu. Rangi nyeusi humeza karibu mwanga wote unaoingia na kubakiza mng'ao wa juu tu, kama wa kioo, na juu ya kioo hicho kila ukingo uliochongeka huwaka mweupe. Hiyo ndiyo sababu mkwaruzo wa gari jeusi huonekana mweupe hata kama haujakaribia prima, yaani rangi ya msingi iliyo chini ya rangi yenyewe, na ndiyo sababu watu wengi hutujia wakiamini kwamba rangi imeondoka ilhali kilichoguswa ni klia peke yake.

Ile miduara kama utando wa buibui inayozunguka jua kwenye boneti nayo, kwa kweli, si miduara. Ni mikwaruzo midogo mingi iliyolala kila upande, na jicho huona ile tu iliyokaa mkingamo na mwanga. Sogeza tochi, utaona miduara inahama nayo. Kwa hiyo anayekuambia kwamba gari lilioshwa kwa kuzungusha sponji, kwa kuwa tu ameona miduara, anakisia.

Nitajuaje kama mkwaruzo umeishia kwenye klia au umefika chini zaidi?

Anza kwa kuosha na kukausha sehemu hiyo, kisha uifute kwa kitambaa laini chenye spiriti kidogo, kwa maana mara nyingi kinachodhaniwa kuwa mkwaruzo ni rangi ya nguzo ya geti au ya bampa la gari jingine iliyobaki juu ya klia yako. Baada ya hapo nyunyiza maji. Mkwaruzo ukitoweka ukiwa umelowa na kurudi ukikauka, basi upo ndani ya klia, kwa sababu maji yamejaza ule mfereji na mwanga ukapita bila kutawanyika. Kisha pitisha ukucha kwa mkingamo, bila kukandamiza. Ukucha ukiteleza bila kukwama, polishi huwa inatosha; ukikwama, mkwaruzo unaweza kupunguzwa makali lakini usitegemee kwamba utaondoka wote.

Ukiona kijivu au weupe ambao hautoweki kwa maji, hiyo ni prima. Ukiona mng'ao wa chuma au ukahawia wa kutu, hakuna mashine ya polishi itakayokusaidia, na anayekuahidi kwamba "itaisha yote" kwa kuisugua anakuuzia maneno.

Kwa nini mnapima unene wa rangi kabla ya kukubali kazi?

Kwa sababu klia ni akiba inayotolewa tu; hakuna njia ya kuiongeza isipokuwa kupaka upya. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia kinga ya kutu iliyoshika bati, prima, rangi yenyewe, hadi klia, kwa kawaida huwa na unene wa maikroni (sehemu za elfu za milimita) kati ya 100 na 150 au zaidi kidogo, na katika hizo klia huwa karibu 40 hadi 50. Unywele wa kichwani una kama maikroni 70. Maana yake ni kwamba kila tunachokifanya kwa mashine, kwa kompaundi, yaani polishi kali ya kukata, na kwa msasa, tunakifanya ndani ya tabaka jembamba kuliko unywele mmoja. Kupiga kompaundi mara moja kwa uangalifu huondoa maikroni moja hadi chache. Msasa huondoa zaidi. Aidha, dawa zinazoikinga klia dhidi ya jua zimo humo humo ndani yake, kwa hiyo paneli iliyokunwa mno inaweza kung'aa vizuri siku ya kukabidhiwa na kuanza kupauka na kubanduka baada ya misimu michache ya jua letu.

Kipimo husoma unene wote kwa pamoja, hakitenganishi klia na vilivyo chini yake, kwa hiyo tunakitumia kwa kulinganisha. Paneli zote zikisoma 120 na mlango mmoja ukasoma 240, mlango huo umeshapakwa upya. Ukisoma maikroni mia kadhaa au zaidi, chini kuna puti, ule ujazo wa kusawazisha bati lililobonyea. Ukisoma 85 kwenye boneti ambayo majirani zake ni 120, mtu ametutangulia na msasa, na hapo tunamwambia mwenye gari kwamba mkwaruzo huo aishi nao. Wapo wanaokasirika. Ni afadhali hasira ya siku hiyo.

Ninalisema hili kwa uchungu wa kujifunza. Katika miaka yangu ya mwanzo nilichoma ukingo wa boneti ya Mercedes nyeusi. Mkwaruzo ulikuwa umebaki kama uzi, karibu na pale boneti inapokunjika kuelekea taa, nami nilikuwa na mashine ya mzunguko mmoja yenye pedi ya sufu. Nikajisemea nipitishe mara moja tu. Pedi iliyokuwa ikitoa ute mweupe ikaanza kuvuta weusi, na nilipoinua mashine palikuwa na doa lisilong'aa, la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, limezungukwa na mstari mwembamba pale klia ilipokatikia. Nilikuwa sijapima. Kingoni na kwenye mikunjo rangi hukaa nyembamba kuliko katikati ya paneli, kwa kuwa ikiwa bado mbichi huvutwa kutoka ukingoni, na pedi nayo hukandamiza zaidi mahali palipobenuka. Boneti nzima ilipakwa upya kwa fedha yangu. Tangu siku hiyo kingo zote hufunikwa kwa utepe wa karatasi kabla mashine haijawashwa.

Fundi alipopiga polishi Toyota yangu nyeusi, kitambaa kilitoka cheusi tangu mwanzo. Je, ameniharibia klia?

Si lazima. Inategemea namba ya rangi. Nyeusi ya Toyota na Lexus yenye namba 202 imetumika kwa miaka mingi kwenye magari mengi bila klia juu yake, yaani rangi yenyewe ndiyo inayong'aa na ndiyo inayosuguliwa, kwa hiyo kitambaa kuwa cheusi ni jambo la kawaida. Lakini kwenye nyeusi zenye chembe za kumetameta, kwa mfano 209 au 218 za Toyota, au 197 ya Mercedes, ambazo zote zina klia, ute unapaswa kutoka mweupe, na weusi ukianza kuonekana mashine inatakiwa kusimama papo hapo. Fundi makini hujaribu kwanza kwa mkono, kwa kitambaa cheupe na tone la polishi, mahali pasipoonekana kama vile ndani ya ukingo wa mlango, ili ajue anashughulika na rangi ya aina gani.

Hiyo 202 ina sifa nyingine inayotutesa: ni laini mno. Hukwaruzwa hata na kitambaa cha kuondolea polishi, na nimewahi kuona alama mpya zikizaliwa pale pale nilipokuwa nikifuta za zamani. Huhitaji pedi laini, polishi laini, vitambaa vipya, na subira.

Je, ni kweli kwamba rangi ya Mercedes haikwaruziki?

Hukwaruzika, ila kwa shida zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2003 Mercedes-Benz ilianza kutumia klia yenye chembe ndogo sana za kauri, ambazo hujipanga kwa wingi karibu na uso wa juu na kuufanya uvumilie mashine za kuoshea magari. Upande wa pili wa ugumu huo ni kwamba mkwaruzo ukishaingia hautoki kirahisi. Kompaundi inayosafisha Toyota kwa mapito mawili inaweza kupita mara sita kwenye Mercedes bila matokeo ya maana. Fundi asiye na subira huongeza kasi na nguvu, joto hupanda, na klia huungua kabla mkwaruzo haujaisha.

Nissan kwa upande wake ilianza mwaka 2005 kutumia klia iliyochanganywa na utomvu unaonyumbuka, ambao hujirudisha wenyewe kwenye mikwaruzo midogo, hasa ukipata joto. Mkwaruzo wa funguo haumo katika hesabu hiyo.

Nimeambiwa nitumie dawa ya meno, kiwi nyeusi ya viatu, au mafuta ya taa. Je, vinafaa?

Dawa ya meno kweli ina unga wa kusugua, kwa hiyo inaweza kufifisha alama ndogo sana, lakini unga huo haukutengenezwa kwa ajili ya klia na mara nyingi huacha ukungu wa mikwaruzo mipya unaoonekana vizuri zaidi kuliko ule mmoja wa mwanzo. Kiwi hujaza mfereji kwa weusi hadi gari lioshwe, na ikiingia kwenye mkwaruzo uliofika prima huacha nta na mafuta ambayo rangi ya marekebisho haitashika juu yake. Mafuta ya taa, pamoja na yale mafuta ya kupulizia yanayolegeza boliti zilizoshika kutu, hufanya kile kile ambacho maji hufanya, yaani hujaza kwa muda. Muuzaji wa gari lililotumika anayejua hilo atalipaka mafuta asubuhi ya siku unayokwenda kulitazama.

Kazi ya kuondoa mikwaruzo ya klia hufanywaje?

Sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla ya mashine kuwashwa. Gari huoshwa kwa maji mengi, kisha hupitishwa ule udongo laini unaonata, ambao hung'oa vumbi la breki, utomvu na chembe za chuma zilizozama kwenye klia. Ukipitisha kiganja kilichovikwa mfuko wa nailoni juu ya boneti iliyooshwa tu, utazihisi chembe hizo kama mchanga; baada ya udongo, kiganja huteleza kama juu ya kioo. Chembe hizo zisipoondolewa, pedi huzikusanya na kuzitumia kukwaruza paneli nzima.

Kisha tunajaribu kwenye eneo dogo, kama sentimita 40 kwa 40, kwa pedi laini na polishi laini zaidi tuliyo nayo, na tunapanda ukali hatua kwa hatua hadi tupate kiwango cha chini kabisa kinachotosha. Hapa ndipo karakana hutofautiana. Wengi huanza na kompaundi kali kwa kuwa inaokoa muda, na kwenye gari jeupe hakuna atakayewagundua; kwenye gari jeusi watagunduliwa jua likichomoza. Mashine ya mzunguko mmoja hukata haraka lakini huacha mikanda ya mwanga inayocheza juani kama moshi, ambayo sharti ifutwe kwa hatua ya pili. Mashine inayozunguka huku ikiyumba huchukua muda mrefu zaidi, lakini haikusanyi joto sana mahali pamoja, na kwa gari jeusi ndiyo tunayoipendelea.

Mkwaruzo mmoja wenye kina kidogo, ulio ndani ya klia, unaweza kuhitaji msasa wa maji. Tunatumia namba 2000 au 3000, uliolowekwa kwenye maji yenye tone la shampuu ya gari, ukiwa umefungwa kwenye kipande kidogo cha raba ili vidole visichimbe mitaro. Unasugua mara chache, unafuta, unatazama, unapima. Eneo hugeuka kijivu kisichong'aa, jambo linalowashtua wenye magari waliosimama pembeni, lakini ukijivu huo ukiwa wa sare ni ishara njema; mkwaruzo huonekana ndani yake kama mstari unaong'aa, na mstari huo ukibaki kidogo tu ndipo tunaacha. Kiasi kinachobaki hulainishwa kingo zake kwa kompaundi, nao mkwaruzo wenye kingo za mviringo hautawanyi mwanga kama wenye kingo kali.

Kazi hii haifanywi juani. Bati jeusi kwenye jua la saa saba mchana linaweza kupita nyuzi joto 70, polishi ikakauka kabla haijafanya kazi na klia ikalainika chini ya pedi.

Mwisho, paneli hufutwa kwa spiriti iliyozimuliwa kwa maji ili kuondoa mafuta ya polishi. Polishi nyingi zina mafuta yanayojaza mikwaruzo, na gari linaweza kutoka karakanani likiwa kama kioo cha kinyozi na kurudi na mikwaruzo yake yote baada ya kuoshwa mara mbili. Fundi anayekataa kufuta kwa spiriti mbele yako ana sababu.

Mkwaruzo wangu umefika kwenye prima au kwenye bati. Ni lazima kupaka paneli nzima?

Inategemea urefu wake, mahali ulipo, na macho yako. Mkwaruzo mfupi, au vile vidoa vinavyotokana na kokoto za barabarani puani mwa gari, unaweza kujazwa kwa mkono. Kutu ikiwapo, hukwanguliwa kwanza hadi bati safi, na hapo prima ya kuzuia kutu huwekwa kwa ncha ya kijiti cha meno au brashi nyembamba sana. Rangi hufuata kwa matone membamba, si kwa tone moja nene, kwa kuwa hunywea inapokauka. Tunaweka, tunasubiri, tunaweka tena. Klia huja juu yake hadi sehemu iwe imevimba kidogo kuliko rangi inayoizunguka, na baada ya kukauka kwa siku kadhaa ndipo husawazishwa kwa msasa wa maji na kupigwa polishi.

Nyeusi isiyo na chembe, mfano 040 ya Mercedes au 668 ya BMW, hukubali marekebisho haya vizuri, na ukisimama hatua mbili huenda usiyaone. Nyeusi yenye chembe hugoma. Chembe zilizopulizwa kwa bunduki hulala kwa mpangilio wake, na zilizowekwa kwa brashi hulala ovyo, kwa hiyo rangi ni ile ile lakini mwanga hurudi tofauti. Tunamwonyesha mwenye gari mfano wa kazi ya namna hiyo kabla hajaamua.

Mkwaruzo mrefu wa funguo unaokatiza milango miwili na kufika bati hauna njia ya mkato. Lakini hata hapo usiuache wazi wakati unatafuta fedha. Ukanda wetu wa pwani una hewa ya chumvi, na bati lililo wazi linaweza kuanza kutu ndani ya siku chache. Tone la prima, au hata utepe safi, litakuokolea gharama. Kumbuka pia kwamba magari mengi ya kifahari yana paneli za alumini, mathalani Range Rover ya kuanzia mwisho wa mwaka 2012, ambayo bodi yake yote ni alumini. Hiyo haitoi kutu nyekundu, bali hujenga unga mweupe unaoinua rangi kutoka chini kama lengelenge, na sumaku ya kutafutia puti haina kazi juu yake.

Mlango wangu ulipakwa upya na sasa una weusi tofauti. Nyeusi si nyeusi tu?

Si hivyo kabisa. Weka nyeusi tatu za watengenezaji watatu juani, moja itavuta kwenye bluu, nyingine kwenye kahawia, ya tatu kwenye kijani. BMW peke yake ina 668 isiyo na chembe na 475 yenye chembe, na kivulini mtu asiyezizoea hawezi kuzitofautisha. Kwa hiyo kumwambia muuza rangi "nipe nyeusi" ni kujitafutia hasara. Namba ya rangi huandikwa kwenye kibandiko au kibati cha gari: kwenye Toyota na Lexus tazama nguzo ya mlango wa dereva, au kibati kilicho ndani ya boneti penye maneno C/TR, kwenye Mercedes tazama nguzo ya mlango au sehemu ya mbele juu ya rejeta, kwenye BMW tazama ndani ya boneti karibu na kichwa cha shokomzoba, au kwenye nguzo ya mlango.

Hata namba ikiwa sahihi, gari la miaka 10 limeshapigwa na jua, kwa hiyo mchanganyaji hodari hupuliza kwanza kipande cha majaribio, hukifunika klia, na hukilinganisha na gari nje, si chini ya taa ya duka. Kisha rangi hufifishwa kidogo kuingia kwenye paneli jirani, na klia hupakwa juu ya paneli zote mbili. Mafundi wengi hukwepa hatua hiyo kwa kuwa mteja hapendi kulipia paneli ambayo haikukwaruzwa. Mteja huyo huyo ndiye anayerudi na swali hili.

"Rangi ya oveni" ina faida gani, na je, hupata ubora wa kiwandani?

Kiwandani rangi huokwa kwa joto la karibu nyuzi 140, kabla gari halijawekwa viti, nyaya na plastiki. Karakanani hatuwezi kufika huko. Klia yetu hukaushwa na hadina, yaani dawa ya kuigandisha iliyochanganywa nayo, na oveni ya nyuzi 60 kwa nusu saa hivi huharakisha tu. Faida kubwa ya oveni kwa gari jeusi ni chumba chenye hewa iliyochujwa, kwa sababu punje moja ya vumbi ndani ya klia nyeusi huonekana kama chunusi. Wanaopuliza uani hupata pia tatizo la unyevu: msimu wa masika, tina (kimiminika cha kuzimulia rangi) inayokauka haraka hupoza uso wa rangi, umande ukatua humo, na weusi ukatoka na ukungu wa maziwa.

Hadina hizo zina kemikali ziitwazo isosayaneti, ambazo zinaweza kumpa fundi pumu ya kudumu, na barakoa ya kitambaa haizizuii. Ukiona vijana wanapuliza klia wakiwa wamejifunga fulana puani, jua kwamba bei nafuu uliyopewa kuna anayeilipia.

Usipake waksi kwenye rangi mpya iliyokauka kwa hewa hadi ipite miezi miwili hivi.

Bampa linatibiwa sawa na mlango?

Hapana, kwa sababu ni plastiki: halipoozi joto la mashine kama bati, kwa hiyo huungua mapema, vipimo vya kawaida vya unene havilisomi, na likipakwa upya huhitaji prima maalumu ya plastiki, la sivyo rangi itabanduka kama ganda.

Bima italipa?

Bima ndogo haigusi gari lako mwenyewe. Bima kubwa inaweza kulipa, lakini soma kwanza kiasi unachopaswa kuchangia mwenyewe katika kila dai, kwani mkwaruzo mmoja mara nyingi haufiki hapo.

Kinyesi cha kunguru kimeacha alama isiyotoka kwa kuosha. Huo nao ni mkwaruzo?

Huo ni mchomo. Dar es Salaam na Zanzibar hatuna uhaba wa kunguru, na kinyesi chao kikioka juu ya bati jeusi, klia hulainika kwa joto kisha hujikunja kinapokauka, na asidi yake huila taratibu. Alama changa hutoka kwa polishi. Iliyokaa wiki nzima mara nyingi imeshazama. Usikifute kikavu, kwa sababu kina mchanga: kilaze chini ya kitambaa kilicholowa kwa dakika tano, kisha kiinue. Utomvu wa mwembe nao uondolewe kwa spiriti, si kwa wembe kama nilivyomwona mlinzi mmoja akifanya kwa nia njema kabisa.

Nikipaka kinga ya keramiki, mikwaruzo itakoma?

Haitakoma. Kinga hiyo huwa na unene wa maikroni moja au mbili, na ile "9H" inayotangazwa ni kipimo cha ugumu dhidi ya penseli, si dhidi ya funguo wala mchanga. Inachokupa ni uso unaokataa uchafu kushika, kwa hiyo gari husuguliwa kidogo zaidi wakati wa kuosha, nayo ni faida ya kweli. Kinachozuia mikwaruzo ni filamu angavu ya plastiki, yenye unene wa maikroni 150 hadi 200, ambayo baadhi ya aina zake hujifuta alama zikipata joto. Ni ghali, na wengi huiweka puani mwa gari na kwenye mashavu ya milango tu. Vyovyote utakavyochagua, rangi inyooshwe kwanza, maana vyote viwili hufungia ndani kile vinachokikuta.

Nilioshee vipi gari lisirudi karakanani?

Mikwaruzo mingi ya gari jeusi hutoka kwenye ndoo. Kijana wa kuosha ana ndoo moja, sponji moja na sabuni ya unga. Ameanza na ringi za gari lililotangulia, sponji ikamdondoka chini mara moja, naye anamalizia na boneti yako. Mpe ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari na nyingine ya kusuuzia, glavu ya maikrofaiba, na amri ya kuanza juu kushuka chini, ringi zikiwa za mwisho na kwa kitambaa chake. Vumbi liondolewe kwa maji ya msukumo kabla ya kitu chochote kugusa rangi. Ile tabia ya kupangusa vumbi kavu kwa manyoya kila asubuhi, ambayo madereva wengi huiona ni unadhifu, ni sawa na kupitisha msasa laini mara 300 kwa mwaka.

Gari langu ni jeusi lisilong'aa. Linaweza kupigwa polishi?

Usiruhusu. Polishi italing'arisha mahali hapo, na hakuna njia ya kulirudisha isipokuwa kupaka paneli upya.

Nikija kuchukua gari, nikague nini?

Usilichukue jioni, wala likiwa limelowa, wala ndani ya karakana. Litolewe nje kati ya saa nne asubuhi na saa tisa, likae hadi lipoe kivulini, kisha lisogezwe juani na ulitazame kwa kuinama, jua likiwa linaakisi kwenye paneli, huku ukitembea taratibu ili mwanga utembee nawe. Tafuta ile mikanda ya moshi. Tazama kingo za boneti, mikunjo ya milango na sehemu zinazozunguka vitasa, kwa kuwa huko ndiko klia huchomwa. Pitisha kidole kwenye mipira ya madirisha uone kama kuna kompaundi iliyokaukia humo. Omba vipimo vya unene vya kabla na baada, paneli kwa paneli, vikiwa vimeandikwa, na uvihifadhi pamoja na kadi ya gari, ili fundi atakayelishika miaka mitatu ijayo ajue ni kiasi gani kimebaki.